Tupeni nyimbo za herufi za Kiswahili: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya awali

Kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Taasisi ya Elimu Tanzania, wathibiti ubora wa shule, na maafisa ustawi wa jamii mnaosimamia vituo vya kulelea watoto mchana.

Ndugu viongozi wetu,

Tunawaandikia sisi tunaolea na kufundisha watoto wa miaka miwili hadi mitano, vituoni na katika madarasa ya awali. Hoja yetu ni moja. Nyimbo za herufi zinazoimbwa sehemu nyingi leo zinamfanya mtoto akariri orodha ya majina, halafu mwalimu wa darasa la kwanza anaanza kazi ya kumtoa kwenye majina hayo. Tunaomba nyimbo zilizotungwa kwa sauti za Kiswahili, zirekodiwe vizuri, zifike hadi vituo vya vijijini, na ukaguzi wenu uzipe uzito unaostahili.

Pita asubuhi kwenye vituo vya mjini. Spika iko dirishani, fleshi imechomekwa, watoto wanaimba herufi 26 za Kiingereza kwa ule wimbo uliosajiliwa Boston, Marekani, mwaka 1835. Hatuna ugomvi nao huko kwao. Ulipangwa kwa matamshi ya Kimarekani, ambako herufi ya mwisho huitwa "zii" ili ipate kina na "bii", "sii" na "dii". Huku kwetu inafundishwa "zedi", kwa hiyo hata kina chenyewe kinakatika mwishoni. Katikati, L, M, N, O na P zinaimbwa kwa kasi maradufu kuliko nyingine, mtoto anasikia neno moja, "elemenopi", na akiulizwa N iko wapi anabaki anakutazama.

Hayo ni madogo. Kubwa liko kwenye irabu. Kwa Kiingereza, herufi e inaitwa kwa sauti ambayo sisi tunaiandika i. Herufi i inaitwa "ai", na a inaitwa "ei". Mtoto aliyeimba hivyo kwa miaka miwili, akiambiwa aandike kiti, anaandika "kete", na kwa hesabu aliyofundishwa hajakosea hata kidogo. Mwalimu anaweka alama nyekundu ya X, mtoto haelewi kosa ni lipi. Shule za mchepuo wa Kiingereza zina haki ya kufundisha Kiingereza. Tunachosema ni kwamba mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani ashike kwanza irabu tano za Kiswahili, ambazo kila moja ina sauti moja tu, ndipo aletewe lugha ambayo herufi moja ina sauti nyingi.

Vituo vinavyoimba "a, be, che, de" viko karibu zaidi na ukweli, lakini navyo vinaimba majina. "Be" na "a" ukiziunganisha unapata "bea", hupati "ba". Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliweka KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mbele, na walimu wakaelekezwa kuanza na sauti ya herufi. Kwa hiyo darasa la kwanza linaenda njia moja na wimbo wa chekechea unaenda nyingine. Ajabu ni kwamba pwani yetu ina mfano wa siku nyingi: katika vyuo vya Kurani watoto huimbishwa herufi pamoja na alama ya irabu yake, ba, bi, bu, kwa mahadhi, na mtoto anatoka na silabi mdomoni. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka wimbo uifanye.

Wimbo wa herufi wa Kiswahili unahitaji nini? Tuanze na mfano, huu hapa wa sauti ya m. Kiongozi anauliza, watoto wanaitikia:

Maji yako wapi? Mmm, mezani!
Miwa iko wapi? Mmm, mezani!
Moto uko wapi? Mmm, mekoni!
Muhogo uko wapi? Mmm, mekoni!
Mimi niko wapi? Mmm, mapajani!

Unaonekana mwepesi, ila kila neno limechaguliwa. Sauti ya m inavutika, mtoto anaweza kuishikilia midomo ikiwa imefungwa akaihisi inatetemeka, ndiyo maana kiitikio kinaanza na "mmm" yenyewe bila irabu. Kisha m inakutana na irabu zote tano: ma, mi, mo, mu, me. Wimbo wenye mama, maji, maua na maziwa peke yake unamfundisha mtoto kwamba herufi m inasomwa "ma", na baadaye akikuta "mu" atasoma "ma-u". Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kuliko yote katika nyimbo za kutungwa na walimu, kwa sababu maneno ya ma- yanakuja haraka kichwani.

Halafu mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kofi la wimbo lazima liangukie hapo: MA-ji YA-ko WA-pi. "Muhogo" una silabi tatu, kwa hiyo "mu" inaingia kabla ya kofi na kofi linaangukia "ho". Ukichukua tuni ya kigeni ukaijaza maneno ya Kiswahili, kofi linaangukia ovyo, unapata "maJI" na "mimI", na mtoto wa miaka mitatu ambaye bado anajenga maneno anachukua kama alivyosikia. Tuni yenyewe iwe fupi, noti tano za do hadi so zinatosha. Wanakwaya wengi wakiimbisha watoto huanzia chini mno, kwa sauti ya watu wazima, na fleshi za mjini nazo zinapanda juu mno. Katika hali zote mbili mtoto huacha kuimba na kuanza kupiga kelele. Kwa mwenye kinanda, kati ya D na A zilizo juu ya C ya kati ni mahali pazuri. Kasi ni mapigo 80 hadi 100 kwa dakika.

Si kila sauti inavutika kama m. S, f, z, l, n na v zinavutika, na zina maneno mazuri ya kuchezea: sisimizi anatembea na "sss" yake, inzi anapita na "zzz". Lakini b, d, k, t, p na g hukatika papo hapo. Mwalimu akijaribu kuitamka b peke yake anaishia "ba" au "be". Hizo zisiimbwe peke yake kabisa. Ziimbwe kama silabi, ba be bi bo bu, kwa mpangilio unaobadilika kila siku, leo kuanzia bu, kesho kuanzia bi, maana zikiimbwa kwa mpangilio uleule kila siku zinageuka "babebibobu", ndugu yake "elemenopi".

Kuna irabu zenye majina machache ya vitu. Ya o ni mfano. Chati zinahangaika na "ofisi", ambayo mtoto hawezi kuichora wala kuishika. Vitenzi vinasaidia: oga, osha, ona, okota, ota moto. Kila kimoja kina kitendo cha mikono, na mtoto wa miaka mitatu anakumbuka zaidi alichokifanya kuliko alichoonyeshwa. Vivyo hivyo f: funga, fungua, futa, fua.

Tukigusa chati za ukutani, tunaomba mzipitie kabla hazijauzwa kwa walimu. Nyingi zimeandika N ya ndizi, M ya mbwa, T ya twiga, S ya shati, D ya dhahabu. Katika ndizi, mtoto anasikia "nd". Shati inaanza na sauti nyingine kabisa, na dhahabu vilevile. Iwe N ya nazi, M ya meza, T ya taa, S ya sahani, D ya debe. Picha nazo zina mitego yake. Y imeandikwa yai lakini yamechorwa mayai matatu. Mtoto anasema "mayai", anaonyeshwa y, anatoka na imani kwamba hiyo ni m. J ya jino, pamechorwa kinywa chenye meno yote. Yai moja, jino moja. Maandishi pia: mchapaji hutumia a na g za kompyuta, zile zenye kofia na mkia uliojikunja, wakati mtoto anafundishwa kuandika a ya duara na kijiti. Na herufi zianze kuwa ndogo, kwa sababu ndizo zinazojaa kitabuni. Kubwa zije kupitia jina lake mwenyewe. Kwenye kadi, herufi ya sentimita 8 hadi 10 kwenda juu inaonekana na mtoto aliyekaa nyuma ya mkeka.

Majina ya watoto ni zana ambayo haimgharimu mtu kitu. Mtoto wa miaka mitatu apige makofi ya silabi za jina lake kabla hajaona herufi yoyote. Hapa walimu wajihadhari: Neema ni makofi matatu, Ne-e-ma, na wengi hupiga mawili. Mtu ni mawili, m-tu. Mtoto ni matatu. Mbuzi ni mawili, mbu-zi, kwa sababu ile m haisimami yenyewe, ila mbwa na mbu zinasimama: m-bwa, m-bu. Mtoto aliyezoea kuisikia hiyo m peke yake hatakuja kuandika "umtu" wala "mutu". Majina kama Christina na Catherine yaachwe nje ya wimbo wa ch na wa k. Mwenye jina ataonyeshwa lake pembeni, bila kuwavuruga wenzake.

Mpangilio wa sauti ni jambo la kuamuliwa na wakuza mitaala, lakini tunapendekeza hivi kwa darasa la awali. Wiki moja, sauti moja, na kila baada ya sauti nne iwepo wiki ya marudio isiyo na sauti mpya. Kiswahili kina herufi 24 ukihesabu ch kama moja na kuacha q na x, kwa hiyo zinakwenda wiki 30. Tuanze na a, i, m, u, halafu l, k, e, t. Kufikia hapo mtoto tayari anaweza kusoma lala, lima, kula, kuku, kiti, taa, meli, mti. Alfabeti iliyopangwa a, b, ch, d inampa baba na dada, lakini maneno mengine mengi yanachelewa kwa sababu irabu zimetawanyika. B na d zitenganishwe kwa angalau wiki sita, kwa kuwa maumbo yake yanageuziana mgongo. L na r zisikutane karibu popote, na mahali ambapo lugha ya nyumbani haitofautishi sauti hizo mbili, r isogezwe mwisho kabisa. Dh, gh, th, sh, ny na ng' zibaki hadi mtoto atakapokuwa amezizoea hizo nyingine. Kuzikimbilia ni kutafuta sifa.

Kwa wa miaka miwili hatuombi herufi kabisa. Wao wanahitaji nyimbo za vidole, vina, milio ya wanyama, majibizano, dakika tano hadi nane kwa mkupuo mmoja, mara kadhaa kwa siku. Wa miaka minne na mitano wanaweza dakika kumi hadi kumi na tano.

Namna ya kuimbisha inahitaji kufundishwa vyuoni, kwa sababu hapo ndipo wimbo mzuri unapoharibikia. Siku ya kwanza mwalimu anaimba peke yake mara mbili, watoto wanasikiliza, hamlazimishi mtu. Mara ya tatu watoto wanafanya vitendo tu. Kisha wanamalizia neno la mwisho la kila mstari, halafu wanachukua kiitikio. Kadi yenye herufi haitoki mfukoni hadi wimbo uwe umeshikika, kwa kawaida siku ya tatu. Mwalimu mwenye haraka analeta tuni mpya, maneno mapya, kitendo kipya na herufi mpya siku moja, na mtoto anachagua kimoja cha kufuata: tuni. Herufi inabaki ukutani.

Kisha kuna udanganyifu wa kwaya. Darasa linaimba kwa nguvu, mgeni anapiga makofi, kumbe wanaojua ni wachache waliokaa mbele na wengine wanaelea juu ya sauti zao. Uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 25 mliouweka kwa darasa la awali shule nyingi haziufikii, na darasa likiwa kubwa udanganyifu huu unazidi. Dawa yake ni kugawa: nusu waimbe, nusu wapige makofi, wabadilishane, halafu kiitikio kimoja aimbe mtoto mmoja aliyetajwa kwa jina. Kupima kunafanyika nje ya wimbo. Mwonyeshe kadi ya k bila kuimba lolote. Akianza "a, be, che..." hadi afike, hajui k, anajua foleni. Akisema "kuku" au "ki", anajua.

Sasa tufike kwenu wakaguzi. Mnapofika kituoni jambo la kwanza mnaloomba ni madaftari, na mwenye kituo anajua hivyo, na mzazi naye anajua. Matokeo yake mtoto wa miaka mitatu anashikwa mkono ajaze kurasa za a a a a, mwalimu anasahihisha maandishi yake mwenyewe. Tunaomba fomu ya ukaguzi iwe na sehemu ya kusikiliza: mkaguzi achague watoto watano bila kuchaguliwa na mwalimu, kila mmoja apige makofi ya jina lake, ataje neno linaloanza na sauti atakayoambiwa, na wa miaka mitano asome kadi sita zilizochanganywa. Inachukua dakika ishirini. Maafisa ustawi wa jamii nanyi, mnaofanya kazi chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mna nguvu ya kumwambia mwenye kituo kwamba daftari la mtoto wa miaka mitatu si sharti la usajili. Mkilisema ninyi, mzazi ataamini. Tukilisema sisi, anadhani tunakwepa kazi.

Mwangalie pia runinga. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja ya skrini kwa siku, na walio chini ya hapo wasiwekewe kabisa. Vituo vingi vinaiacha ikiimba herufi tangu kufungua hadi uji wa saa nne. Katuni haimsubiri mtoto ajibu wala haioni kama midomo yake imefungwa kwenye m.

Vyombo ni vya kujitengenezea. Kayamba la kopo na punje za mahindi linatosha, ila mfuniko ufungwe kwa gundi na kuzungushiwa tepu, kwa sababu punje ikitoka itaingia puani au sikioni kabla ya wimbo kwisha. Ngoma ndogo moja kwa mwalimu. Ukigawa ngoma kwa kila mtoto hakuna atakayesikia silabi.

Kuhusu rekodi, ombi letu kwa Taasisi ya Elimu ni mahususi. Nyimbo 24, kila moja isizidi sekunde 90, sauti ya mtu mmoja inayosikika wazi, ngoma au kayamba taratibu nyuma yake, bila kinanda kinachofunika maneno. Kila wimbo uwe na matoleo mawili: moja kamili, na jingine ambalo kiitikio kimeachwa kimya kwa urefu uleule ili watoto wajaze. Waimbaji watamke ng' na gh sawasawa, na mtunzi apitishe maneno kwa mtu wa lugha kabla ya studio, maana kosa likirekodiwa litaimbwa nchi nzima. Seti ya matoleo kamili ni dakika 36 na haifiki megabaiti 40 kwa MP3 ya kawaida; inaingia kwenye simu ya kitochi yenye memori kadi na bado nafasi inabaki. Isitolewe kwa video pekee. Vituo visivyo na umeme vinatumia redio ndogo ya betri yenye tundu la kadi, na huko ndiko wimbo unahitajika zaidi. Maneno yachapwe kwenye karatasi moja ya pande mbili, yenye alama ya kofi juu ya kila silabi ya mkazo, kwa ajili ya mwalimu ambaye hatakuwa na redio wala simu.

Seti ya kwanza ya sauti nne, a, i, m na u, inatosha kujaribiwa muhula mmoja katika halmashauri mtakazochagua kabla ya kurekodi zilizobaki. Wimbo wa m ulioko humu mnaweza kuuchukua bila malipo.

Ni sisi,
walimu wa madarasa ya awali na walezi wa vituo vya watoto